Mfumo uhame, nyaraka zibaki: hoja ya diski ndogo Kasongo na Kabambare

Ukipita asubuhi kwenye vibanda vya kuchapisha karatasi mjini Kasongo, utaisikia jenereta kabla hujaiona kompyuta. Mwenye kibanda anavuta kamba, jenereta inaitika, anabonyeza kitufe cha mashini, kisha anakaa. Windows inajivuta. Kitaa cha diski kinametameta mfululizo na kioo bado ni cheusi. Mteja aliyekuja na barua yake ya kuomba kazi naye anakaa. Petroli iliyofika pale kwa shida na kwa bei ya juu inaungua, na hakuna hata herufi moja iliyokwisha kuandikwa.

Wengi wetu tukiona hivyo tunasema mashini imezeeka. Ofisi inaandika barua ya kuomba kompyuta mpya, barua inakwenda Kindu, makao makuu ya jimbo letu la Maniema, pengine inapanda hadi Kinshasa, na miaka inapita. Mimi nashikilia kwamba barua hiyo mara nyingi inaomba kitu kisicho sahihi. Kompyuta nyingi za kusini mwa Maniema zinazodhaniwa zimekwisha zinahitaji kifaa kimoja tu: diski ndogo ya SSD ya gigabaiti 120 au 240. Mfumo endeshi uhamishiwe humo, na diski kubwa ya zamani ibaki ndani ya mashini ikitunza nyaraka. Kazi hiyo inaweza kufanywa hapahapa, na vijana wetu, kwa bisibisi na uvumilivu wa siku moja.

Ili hoja hii isimame, inafaa kujua ucheleweshaji unatoka wapi. Ndani ya diski ya zamani mna sahani za alumini au kioo zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea. Teknolojia hiyo ina asili ya mwaka 1956, IBM ilipotoa mashini ya RAMAC yenye sahani 50, kila moja na kipenyo cha inchi 24, kwa ajili ya kuhifadhi herufi milioni 5 tu. Tangu hapo sahani zimekuwa ndogo na ujazo umeongezeka kupita kiasi, lakini mkono bado ni mkono. Kila unapotakiwa kuruka kutoka sehemu moja ya sahani kwenda nyingine hutumia takriban milisekunde 10. Hesabu inakuja yenyewe: kwa sekunde moja hauwezi kufika sehemu nyingi zaidi ya mia moja hivi. Na Windows inapoamka husoma maelfu ya faili ndogondogo zilizotawanyika huku na kule. Prosesa inaweza kuwa na nguvu ya kutosha kabisa, lakini imekaa inaungojea mkono.

SSD haina mkono wala sahani. Inahifadhi data katika chipu za kumbukumbu, uvumbuzi uliotokana na kazi ya Mjapani Fujio Masuoka alipokuwa Toshiba katika miaka ya 1980. Kufikia faili ndani yake huchukua sehemu ndogo tu ya milisekunde moja, na haijali kama faili iko mwanzo au mwisho. Ndiyo maana kompyuta ya miaka kumi iliyopita, ikipewa SSD, mara nyingi huamka kwa muda usiofika dakika moja. Kasi ya kunakili faili moja kubwa nayo huongezeka, kutoka megabaiti mia hivi kwa sekunde hadi mia tano na zaidi kwa waya wa kawaida wa SATA. Lakini hilo si jambo kubwa kwa mchapaji wa Kasongo. Kinachomkomboa ni zile safari ndogondogo za mkono ambazo hazipo tena.

Sasa mtu atauliza: kwa nini diski ndogo, na siyo SSD kubwa inayobeba kila kitu? Jibu la kwanza ni fedha. Mwishoni mwa 2025 bei za chipu za kumbukumbu zilianza kupanda duniani, kwa sababu vituo vikubwa vya akili mnemba vinazinunua kwa wingi, na ongezeko hilo likifika kwetu linakuwa limebeba pia nauli na kodi za njiani. Jibu la pili ni la akili ya kawaida. Mama anayepika haweki gunia zima la mchele kando ya jiko. Anachota wa leo, gunia linabaki ghalani. Mfumo endeshi na programu ndivyo vinavyoguswa kila dakika, navyo havihitaji nafasi kubwa: Windows 11 yenyewe inadai angalau gigabaiti 64, mifumo mingi ya Linux inaridhika na chini ya hapo. Barua za 2017, picha za harusi na ripoti za miezi iliyopita zinaweza kukaa kwenye diski inayozunguka bila kumchelewesha mtu.

Nishati nayo inahusika, ingawa wauzaji wa SSD huitia chumvi. Diski ya inchi 3.5 ya kompyuta ya mezani hula wati 6 hadi 8 ikiwa kazini, na zaidi ya hapo kwa sekunde chache za mwanzo, mota inapoanza kuzungusha sahani. SSD ya kawaida hula wati 2 au 3, na ikitulia hula chini sana. Kama diski ya zamani inabaki ndani, akiba ya wati ni ndogo, isipokuwa ukiiagiza ilale isipotumika. Akiba ya kweli iko kwenye saa. Mtu anayetegemea sola na betri moja, au lita mbili za petroli kwa siku, hulipia kila dakika ambayo kioo kinawaka bila kazi. Ukimwondolea dakika kadhaa za kungoja kila anapowasha, na nyingine kila anapofungua programu, umemrudishia sehemu ya siku aliyokwisha kuilipia.

Halafu kuna barabara zetu. Kutoka Kindu, unakoishia mstari wa reli ya SNCC, hadi Kasongo ni zaidi ya kilomita 200 za mashimo, madaraja ya magogo na vumbi jekundu. Kutoka Kasongo kuelekea Kabambare hali haipungui. Mizigo hubebwa na pikipiki na baiskeli za kusukuma, na tangu Bukavu ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, njia za biashara za mashariki zimezidi kuwa ngumu. Katika hali hiyo uzito ni jambo la kupimwa. Kompyuta ya mezani ni sanduku la kilo kadhaa, kubwa na dhaifu, linalofungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki na kuombewa dua. SSD ya inchi 2.5 ina uzito wa gramu hamsini hivi. Kumi na mbili zinaingia katika mfuko wa koti la dereva, na hata akianguka kwenye tope zinafika nzima, maana ndani yake hakuna kinachozunguka wala kinachogusana. Diski ya zamani ikipigwapigwa njiani, kichwa kinaweza kukwaruza sahani, na hapo ndipo unaposikia ule mlio wa tik, tik, tik ambao fundi yeyote akiusikia huacha kuzungumza.

Kwa hiyo fedha ambazo zingenunua kompyuta mpya moja na kuisafirisha hadi Kabambare zinaweza kufufua mashini kadhaa zilizoko tayari. Sioni kwa nini mpango wowote wa kusaidia ofisi za Maniema, hasa za afya, uanze mahali pengine.

Nazitaja ofisi za afya kwa makusudi. Kasongo ina historia ya takwimu ambayo wenyeji wengi vijana hawaijui. Mwaka 1971 Taasisi ya Tiba za Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ilianzisha hapa mradi uliokuja kujulikana duniani kwa jina la Mradi wa Kasongo: vituo vidogo vya afya karibu na watu, vikiunganishwa na hospitali moja. Mwaka 1981 timu ya mradi huo ilichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo wa kati ya miezi 7 na 35, na makala hiyo ilizua mjadala mkubwa kati ya wataalamu kuhusu kiasi cha maisha ambacho chanjo inaokoa kweli. Yote hayo yaliwezekana kwa sababu kuna watu waliandika jina, umri na tarehe za kila mtoto, na wengine wakazitunza karatasi hizo. Dunia ilibishana juu ya takwimu za Kasongo kwa sababu takwimu hizo zilikuwepo.

Leo Maniema ina zona za afya 18. Kusini tuna Kasongo, Kunda na Samba, halafu Kabambare, Lusangi na Salamabila. Vituo vinaleta ripoti zao za mwezi katika ofisi kuu ya zona zikiwa kwenye karatasi, na mtu mmoja au wawili wanazipachika katika DHIS2, programu iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo ambayo wizara yetu inaitumia kwa takwimu za afya. Kazi hiyo ina tarehe yake ya mwisho. Mtu wa takwimu anakaa mbele ya mashini inayoganda, intaneti inakuja na kuondoka, betri ya sola inashuka. Mtandao ukifunguka kwa nusu saa na kompyuta ikautumia muda huo kuamka, ripoti ya mwezi huo inachelewa, na kule Kindu zona inahesabika kuwa haikutuma. Nikisema diski ndogo ni suala la afya ya watu, sisemi kwa kupamba maneno.

Kazi yenyewe si ngumu, lakini ina mtego mmoja mkubwa, nao ndio unaowavunja moyo mafundi wengi wachanga: unahamia kwenye diski iliyo ndogo kuliko uliyotoka. Diski ya zamani ni ya terabaiti 1, mpya ni gigabaiti 240. Programu ya kunakili inapima ukubwa wa nje na kukataa, hata kama ndani mmejaa gigabaiti 90 tu. Clonezilla, ambayo ni ya bure na inatumiwa na mafundi wengi, kwa kawaida yake hutaka diski ya kupokea iwe sawa na ile ya kutoa au kubwa zaidi. Kijana anaona ujumbe wa makosa na kumwambia mteja kwamba haiwezekani.

Inawezekana, ila kwa mpangilio. Kwanza kabisa, nakala ya nyaraka zote iwekwe kwenye diski ya nje, na diski hiyo ichomolewe na kuwekwa kando. Asiyekuwa na diski ya nje asianze. Kisha sehemu ya mfumo, ile C, ipunguzwe hadi iwe ndogo kuliko SSD, na katika nafasi inayobaki ifunguliwe sehemu nyingine, D, ya kupokea nyaraka. Hapo Windows hupenda kugoma: inasema inaweza kupunguza kidogo tu, ingawa nafasi tupu ni tele. Sababu ni faili zisizosogea zilizojikita katikati ya diski: faili ya usingizi mzito, faili ya kumbukumbu ya akiba na nakala za kurejesha mfumo. Amri moja ya powercfg /h off inaondoa ya kwanza, ambayo mara nyingi ni gigabaiti kadhaa. Nyingine zinazimwa kwa muda katika mipangilio, mashini inawashwa upya, na mara C inakubali kupungua.

Baada ya hapo zinanakiliwa sehemu zote za mfumo, si C peke yake. Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi. Katika mashini za miaka hii ya karibuni, mwanzoni mwa diski kuna sehemu ndogo ya EFI ambayo haionekani katika orodha ya kawaida, na ndani yake ndimo yalimo maagizo ya kuamshia. Ukiiacha, C inafika salama kwenye SSD na mashini inakuambia haioni mfumo wowote. Katika kuwasha mara ya kwanza, chomoa waya wa diski ya zamani. Zikiwashwa pamoja, mashini inaweza kuamkia ile ya zamani kimyakimya, nawe ukaamini kazi imeshindikana, au mbaya zaidi, ukaamini imefaulu. Ikiamka kwa SSD peke yake, na mchapaji akafungua programu zake na kuchapisha ukurasa mmoja kwenye printa, hapo ndipo diski ya zamani irudishiwe waya wake, kabrasha la nyaraka lielekezwe kwenye D, na mpangilio wa kuamka katika bayosi uitangulize SSD.

Nimewahi kusimama kando fundi akiwa amekifungua kifuniko cha mashini ya mama mmoja mchapaji. Vumbi jekundu lilikuwa limeganda kwenye feni. Waya wa SATA una ncha yenye umbo la herufi L, na kijana aliushika kwa vidole viwili bila kuulazimisha, akaupangusa kwa brashi kabla ya kuuchomeka. Mama aliuliza kwa wasiwasi: “Kijana, mashini yangu imekufa?” Naye akajibu bila kuinua macho: “Mama, haiyakufa. Ni disiki tu ndiyo inachoka. Hii ya kikubwa tunaiacha, inabeba kazi zako za zamani.” SSD haikuwa na mahali pake pa kufungwa, kwa kuwa sanduku lile lilitengenezwa kwa diski za inchi 3.5. Aliifunga kwa skrubu mbili upande mmoja, na ilitosha, maana kifaa kisichotikisika hakidai zaidi. Kwenye kompyuta za mkononi zenye kisomeo cha DVD ambacho hakuna anayekigusa tena, diski ya zamani inaweza kuhamishiwa kwenye nafasi ya kisomeo hicho kwa fremu ya bei nafuu.

Wapo wanaosema afadhali kuacha kunakili na kusimika mfumo upya. Kwa mji wenye intaneti ya nyuzi ningekubaliana nao. Hapa, faili ya kusimikia Windows ni gigabaiti tano au zaidi, halafu yafuate masasisho, kiendeshi cha printa, programu ya uhasibu ambayo aliyeiweka amehama na namba ya leseni haijulikani iliko. Vifurushi vya intaneti ya simu vitamaliza akiba ya ofisi kabla printa haijatoa ukurasa. Kunakili huhamisha mfumo pamoja na vyote hivyo vilivyokwisha kupangwa. Nasimika upya pale tu virusi vimejaa, au pale mfumo wenyewe umefika mwisho wake.

Na mwisho huo umefika kwa wengi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Sehemu kubwa ya kompyuta za mitumba zinazofika kwetu kutoka Ulaya na Dubai hazifiki hapo. Watakuja watu kutuambia tuzitupe. Mashini zile zile, zikiwa na SSD na Linux Mint au Lubuntu, zinaandika barua kwa LibreOffice, zinafungua DHIS2 katika kivinjari na kuchapisha. Ofisi isiyofungwa na programu fulani ya Windows ningeishauri ivuke sasa, wakati ule ule diski inapobadilishwa, kwa kuwa sanduku limekwisha kufunguliwa.

Sitaki mtu aondoke na matumaini yasiyo na msingi. Mashini yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 itabaki nzito hata ikipewa SSD. Inahitaji kuongezewa kumbukumbu pia. SSD ikifa, hufa ghafla bila ule mlio wa kuonya, na kuokoa data ndani yake ni vigumu zaidi. Umeme unaokatika ghafla unaweza kuiharibu, kwa hiyo inverta nzuri bado inahitajika. Tena si ghala la kuwekea kumbukumbu za miaka: chipu huhifadhi data kama chaji za umeme, na chaji huvuja polepole mashini ikikaa bila kuwashwa. Viwango vya JEDEC kwa SSD za kawaida vinataka ile iliyokwisha kutumika hadi kikomo chake itunze data mwaka mmoja bila umeme katika nyuzi 30, na joto likizidi muda unapungua. Chumba chenye paa la bati Kasongo mchana kinazijua nyuzi zaidi ya hizo. Hii ni sababu nyingine ya kuiachia diski inayozunguka nyaraka, na ya kuwa na nakala ya pili nje ya jengo. Huko Kabambare, hasa upande wa Salamabila, ambako watu wamekimbia mapigano zaidi ya mara moja, nakala ya kubebeka mfukoni ni jambo la lazima.

Soko nalo lina udanganyifu. Zinauzwa diski na fleshi zilizoandikwa terabaiti nyingi kwa bei isiyoaminika. Kumbe ndani mna chipu ndogo iliyofundishwa kusema uongo. Unaandika, inakubali, na kumbe inafuta za mwanzo ili kupisha za mwisho. Kabla ya kulipa, au kabla ya kuhamisha chochote, ijazwe yote kwa programu ya H2testw, au F3 kwa wenye Linux, halafu isomwe tena. Inachukua muda. Ichukue.

Tena tusinunue vifaa hivi kwa unyonge, tukidhani ni fadhila ya mbali. Miguso ya waya wa SATA hupakwa dhahabu ili isipate kutu, na chipu hushikiliwa kwenye bodi kwa bati. Kabambare imechimba dhahabu Namoya na Salamabila. Kaskazini kidogo, Kalima imetoa bati tangu enzi ya kampuni ya Symétain katika miaka ya 1930. Madini ya Maniema yamekwenda ulimwenguni kwa zaidi ya miaka tisini. Kurudi kwake kama diski ya gramu hamsini katika ofisi ya zona ya Lusangi ni haki ndogo sana kuidai.

Limebaki la diski ya zamani, na hapa nina msimamo mkali: isifutwe haraka. Ardhi hii hii ina ushahidi. Mwaka 1870 na 1871 mpelelezi David Livingstone alikwama Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo, miguu ikiwa na vidonda, kisha akafika Nyangwe kwenye mto Lualaba. Karatasi zilimwishia. Akaandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti kuukuu la Uingereza, kwa wino uliotengenezwa na mimea ya hapa. Tarehe 15 Julai 1871 alishuhudia mauaji ya watu katika soko la Nyangwe. Baadaye alinakili shajara hiyo katika daftari safi, na kwa karibu miaka mia moja na arobaini dunia ilisoma nakala. Mwaka 2011 watafiti walioongozwa na Adrian Wisnicki walitumia picha za mianga mbalimbali kuyasoma maandishi yaliyofifia ya gazeti lile, na ikaonekana kwamba nakala haikulingana na maandishi ya awali katika mambo mazito kuhusu siku hiyo. Kama asili ingetupwa pale daftari safi lilipokamilika, tusingejua. Ofisi inayohamisha takwimu za wagonjwa iache yaliyomo kwenye diski ya zamani bila kufutwa kwa wiki kadhaa, hadi ripoti ya mwezi mzima ipite kwenye mfumo mpya na kulinganishwa.

Na ikifika siku ya kuiondoa kabisa, isiuzwe na data zake. Mwaka 2009 waandishi wa kipindi cha Frontline cha Marekani walinunua diski kuukuu Ghana na kukuta ndani nyaraka za kampuni ya Northrop Grumman kuhusu mikataba ya serikali ya Marekani. Kama hilo liliwapata wao, majina ya wagonjwa wa Kunda yanaweza kuonekana sokoni Uvira. Sheria ya kidijitali ya nchi yetu, ya Machi 2023, inalinda data binafsi. Anayeshika diski ya hospitali ana wajibu mbele yake. Ifutwe kwa programu ya kuandika juu ya kila sehemu, au itobolewe kwa drili, mbele ya mganga mkuu wa zona na kwa saini.

Ninachowaomba wanaopanga bajeti, wa jimbo na wa mashirika, ni kipengele kimoja katika orodha ya manunuzi ya mwaka ujao: kwa kila moja ya zona sita za kusini, SSD za gigabaiti 240 kwa idadi ya kompyuta zilizopo, diski mbili za nje, na posho ya fundi mmoja kijana kutoka vyuo vya Kasongo, akae wiki nzima katika kila zona na amfundishe mtu wa takwimu kila hatua hadi aweze kuirudia peke yake. Waanze na Salamabila, kwa sababu ndiko msaada hufika mwisho.